Robo Chini ya Sifuri

Mpendwa Redempta, mwanafunzi wangu,

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupishana na malori yao huku Mbinga, wewe ulikuwa Kidato cha Nne, dawati la mbele, nami nawafundisha kuchora grafu. Nikaandika ubaoni y = x² − 3x + 2, tukajaza jedwali. Kwenye 0 tukapata 2, kwenye 1 tukapata 0, kwenye 2 tena 0, kwenye 3 tukapata 2. "Weka nukta, chukua rula, unganisha," nikasema. Basi grafu ya kila mtu ikawa na kitako bapa kama sufuria.

Yako ilizama chini ya mstari. Uliikunja kwa mkono, bila rula.

"Huku chini nani kakutuma?"

"Mwalimu, kati ya moja na mbili kuna moja na nusu. Nimeijaribu, inatoka hasi robo."

Badala ya kupiga hesabu palepale, nikainua daftari lako darasa zima lione. "Jamani, mwenzenu anachimba ngoro!" Wenzako Wamatengo, waliozaliwa kwenye mashimo hayo ya kulimia mlimani, wakacheka hadi kugonga madawati. Wewe wa ziwani ukainama, ukafuta.

Jioni nikaijaribu. Hasi robo kweli! Ulikuwa sahihi, nami nimepotosha darasa zima. Nikajiambia kesho nitasema. Kesho ikafika, nikaanza mada nyingine. Heshima ya mwalimu, bwana! Niliogopa kuchekwa na watoto.

Ulitaka uuguzi, na huko hesabu ilitakiwa. Siku ya mtihani wa taifa ulitoka ukanifuata mbio, uso umekunjuka.

"Shikamoo Mwalimu. Grafu imekuja! Safari hii nimetumia rula, kama ulivyotufundisha."

Matokeo yakatoka, hesabu umefeli. Labda ni swali lile, labda siyo, sijui. Nasikia ulirudi kwenu, unaanika usipa, vile vidagaa vya ziwani, una watoto wanne. Mimi nimestaafu, na sijawahi kukutafuta. Naona aibu, Redempta.

Nisamehe, binti yangu. Kosa la ubaoni nilishajisamehe. Siku ile ya mtihani ndiyo inanikaba mpaka leo, maana nilijua umeandika kosa langu, nikakupa mkono, nikakwambia, "Hongera, mwanangu."

Ubaki salama na wanao.

Mwalimu wako wa hesabu