Haikuwa Mvua, Dada Tabea

Hoteli ya Silvesta,
Lyamkena, Makambako.
Ijumaa, 23 Machi 1956

Dada yangu mpendwa Tabea,

Kamwene, dada. Barua hii inafika kabla yangu, na nimetaka iwe hivyo. Natumaini inakukuta mzima, na kwamba mguu wako umepungua kuvimba tangu ulipokubali kuacha kwenda shambani na umande. Shemeji Mika namsalimu kwa heshima, watoto nao, na mama mkwe wako, ambaye najua ataomba asomewe mara mbili. Mimi ni mzima. Mgongo tu unaniuma kwa sababu ya barabara, na suruali yangu ya kaki imepata doa ambalo chanzo chake nitakueleza mbele.

Kwanza lile kubwa, usije ukasoma huku moyo unakudunda. Mdogo wetu Dorika ameondoka salama. Nilimwona kwa macho yangu akipanda ngazi ya meli Jumanne alasiri, mkoba wake mweusi mkononi, amevaa lile koti la sufu ulilomshonea. Amelivaa katika joto la Dar es Salaam, watu wanamtazama, kwa sababu alikuahidi. Meli ilipopiga honi alinipungia mkono mara moja tu, kama anavyotuaga akiingia zamu ya wodini, kisha akageuka kumsaidia mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa na mtoto mchanga. Tangu hapo nalala usingizi wa kweli, jambo ambalo sikulifanya kwa siku tano.

Sasa nianze mwanzo. Basi la Iringa hupita Makambako alfajiri, kwa hiyo Alhamisi ya wiki iliyopita ilitubidi tulale hapa. Barua ya serikali iliyompa Dorika nafasi ya kusomea ukunga Uingereza ilisema wazi kwamba abiria atalala katika hoteli ya Makambako. Nikaichukua barua hiyo mpaka ile hoteli yenye bustani ya mawaridi, ambayo mlango wake uliofungwa kwa Waafrika nimeuandikia magazetini mara tano. Msimamizi akaisoma, akanirudishia, akasema kwa upole kwamba mwandishi wa barua hii haijui Makambako. Nikamwuliza kama Malkia, ambaye picha yake iko ukutani kwake, anajua kwamba mkunga anayeitwa na serikali yake mwenyewe hawezi kulala chini ya picha hiyo. Akanijibu kwamba swali hilo nimpelekee Malkia. Nilikuwa na hoja nyingine nne, dada, na zote zilikuwa nzuri, lakini Dorika alinivuta mkono akaniambia kwa Kibena kwamba amechoka, na kwamba yeye anatafuta kitanda, hatafuti ushindi.

Basi tukaja hapa kwa Silvesta. Ni Mkatoliki kutoka upande wa Lugarawa, ana vyumba vinne, shuka safi, na ulimi usiopumzika. Alipolisikia jina langu alicheka mpaka akashika meza. Kumbe yeye huwasomea wateja wake barua zangu za gazetini, hasa ile niliyodai mianzi yote iliyo kando ya barabara ikatwe ili watu wetu waache pombe ya ulanzi. Aliniambia kwamba akiisoma ile, wateja huagiza chupa nyingine. Nilimjibu kwamba siku moja wajukuu wake watanishukuru. Akasema wajukuu wake wako nyuma ya nyumba, wanaichunga mianzi nisije nikaikata.

Alfajiri tukapanda basi. Karatasi zote za safari nilizichukua mimi. Dorika alitaka azibebe mwenyewe, nikamkatalia. Nilimwambia kwamba yeye hajui jinsi maofisa wanavyomchezea Mwafrika mwenye karatasi, na kwamba mimi nimepigana nao tangu yeye anasoma shule ya vichaka. Akaniachia, ila pasipoti aliing'ang'ania. Mungu ambariki kwa ukaidi huo. Katika begi langu ikakaa barua ya serikali, tiketi ya meli, na cheti cha chanjo ya ndui. Cheti hicho ni kijikaratasi kidogo kama kadi ya ubatizo, lakini bila hicho meli haikupokei.

Tulifika Iringa Ijumaa, tukalala. Jumamosi tukapanda basi la Morogoro, tukateremka mlima wa Kitonga kwenye joto kama la tanuri, na huko ndiko karatasi zilikolowa, kama nilivyosema katika simu ya maandishi niliyowapelekea. Morogoro tukapanda gari moshi, Jumapili tukaingia Dar es Salaam. Tiketi niliikausha juani ikasomeka. Cheti hakikusomeka. Wino wote ulikuwa umechuruzika, tarehe na sahihi ya daktari wa Njombe zimekuwa doa moja la buluu. Jumatatu nilizunguka ofisi tatu, na kila mmoja alinielekeza kwa mwenzake. Jumanne saa sita mchana tulikuwa bandarini kwenye foleni ya ukaguzi, na meli ilikuwa inaondoka saa kumi. Tulishaambiwa kwamba chuo kimeanza kupokea wanafunzi, na asiyefika na meli hii nafasi yake atapewa mwingine.

Karani wa kwanza alikigeuza cheti, akaniuliza kimelowaje. Nikamwambia mvua, paa la basi lilikuwa linavuja. Akaniambia kwamba kila wiki anapata watu wanaolowesha vyeti kwa makusudi ili tarehe isisomeke, na kwamba wote hunyeshewa na mvua, hata katika miezi ya kiangazi. Akamwambia Dorika akae pembeni na kupisha wengine. Dorika alikaa juu ya sanduku lake na koti la sufu mapajani, akanitazama. Dada, nimetazamwa kwa hasira na mabwana shauri, na wachungaji, na wahariri. Sijawahi kutazamwa vile.

Haikuwa mvua, dada Tabea. Siku ile Kitonga hapakuwa na wingu hata moja.

Usiku ule wa Alhamisi hapa kwa Silvesta, nilimwuliza Dorika kama anaiogopa bahari. Akasema haiogopi. Akasema anachowaza ni kwamba kwa miaka miwili hatauonja ulanzi mtamu, ule wa asubuhi usiolewesha, ambao marehemu baba alikuwa akituteremshia kutoka kwenye mianzi ya kijijini kwetu Yakobi kabla hatujaenda shule. Alisema angetamani kuunywa mara ya mwisho akiwa tayari amekwisha kuiona bahari. Alisema kama mtu anavyosema jambo lisilowezekana, kisha akalala.

Mimi, mwenyekiti wa umoja wetu wa kuacha pombe, nilitoka kabla hakujapambazuka nikamwamsha Silvesta. Akanigemea ulanzi uliodondoka usiku ule ule, mtamu kama asali, akanijazia chupa kubwa. Aliniuliza kama najua namna ya kuubeba, nikamjibu kwamba nimesoma vitabu vingi kuliko yeye. Kisha nikaiziba chupa kwa kizibo, nikakipigilia kwa kisigino cha kiatu, nikakifunga kwa kamba mara tatu, nikaificha ndani kabisa ya begi, chini ya karatasi. Mtoto yeyote wa Njombe anajua kwamba ulanzi hauzibwi. Unaendelea kuchemka wenyewe, lazima uachiwe pumzi. Lakini mimi tangu nibatizwe kwa mara ya pili, kama mnavyonitania, sijaugusa. Miaka ishirini nimekipiga vita kitu ambacho nimesahau hata kinavyobebwa.

Siku mbili za kutikiswa na lile joto la Kitonga vilitosha. Kizibo kililipuka kama bunduki. Dereva alisimamisha basi akidhani ni gurudumu. Ulanzi uliruka mpaka darini, ukamwagikia karatasi, suruali yangu, na mzee mmoja wa Kihehe aliyekuwa amesinzia, ambaye alilamba mkono wake akauliza kwa adabu kama upo mwingine. Basi zima lilinuka kilabu. Dorika alicheka mpaka akalia, kwa sababu alikuwa hajaona bado kilichokipata cheti.

Nirudi bandarini. Nilirudi kwenye dirisha, na safari hii palikuwa na karani wa pili, kijana mnene mwenye miwani. Akakichukua cheti, akakisogeza karibu na macho, halafu karibu na pua. Akanusa tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini nimetoka wapi. Nikamwambia Njombe. Akasema anaitwa Romanus, kwao ni Lugarawa, ana miaka mitatu hajafika nyumbani, na kama mvua ya siku hizi inanuka hivi basi yeye anaomba uhamisho leo.

Hapo ningeweza kuendelea na mvua yangu. Hoja nilikuwa nazo. Lakini nyuma yangu Dorika alikuwa amekaa juu ya sanduku. Nikasema mbele ya foleni nzima, kwa Kiswahili cha wazi, kwamba ni ulanzi, kwamba nimeufunga mimi, na kwamba mimi ni Enoki wa Njombe ninayeandika magazetini mianzi ikatwe. Romanus alivua miwani akaifuta. Akasema barua zangu anazo zote, kwa kuwa amekuwa akitafuta nafasi ya kuzijibu. Kisha akainuka akaenda na cheti kwa daktari wa bandari, nikamsikia akimweleza kwamba mtu wa kwetu anaweza kughushi sahihi, anaweza kughushi muhuri, lakini hawezi kumwaga ulanzi kwa makusudi.

Daktari akamwita Dorika. Akakunja mkono wa blauzi yake, akaliona kovu la chanjo likiwa bado bichi, akamwuliza maswali mawili matatu ya kazi yake, na mwishoni wakawa wanazungumza habari za wazazi wenye kifafa cha mimba kama watu waliofahamiana siku nyingi. Akamwandikia cheti kipya pale pale. Ilikuwa saa nane na nusu. Mimi nikakaa juu ya lile sanduku.

Nimefika hapa leo asubuhi nikakuta barua ya shemeji Mika inanisubiri kwa Silvesta. Anasema Jumapili kutakuwa na sala ya shukrani kanisani kwa sababu Mungu alimwokoa Dorika na ile mvua. Tena ananihimiza niandike gazetini juu ya mabasi yenye paa bovu. Dada, barua hiyo ya gazeti nilikuwa nimekwisha kuiandika ndani ya gari moshi, kurasa tatu, na ilikuwa kali kuliko zote nilizowahi kuandika. Silvesta amewasha moto wa chai ya mchana kwa kurasa hizo, nami nikisimamia. Paa la basi lile lilikuwa zima.

Ndiyo maana nimetanguliza barua. Mdomo wangu ukikutana na watu hutafuta mahali pa kushinda, kalamu nimeweza kuibana. Namwomba shemeji Mika, kama katibu wetu, aisome hii mbele ya umoja Jumapili, yote, bila kuruka. Waamue wenyewe kama bado wanamtaka mwenyekiti huyu. Walevi wa kwetu nitaendelea kuwaandikia, kwa maana nimeona watoto wanaolala njaa na sijabadili neno hilo. Ila mianzi isikatwe.

Na lipo moja la mwisho, asije Dorika akakuandikia kutoka Uingereza ukalipata kwake. Nusu ya chupa ilibaki. Aliitunza mwenyewe, mdomo wa chupa umezibwa kwa kitambaa tu, na Jumatatu jioni tulikwenda ufukweni tukakaa mahali anapoweza kuiona bahari kama alivyotaka. Ulanzi ulikuwa umekwisha kuchacha, unauma ulimi. Alikunywa, akanipa. Nilikunywa, dada. Haukuwa mtamu tena hata kidogo, na kwa kitambo nilimsikia baba akituita tushike vikombe kwa mikono miwili.

Wasalimie wote wa Yakobi, na mama mkwe wako akimaliza kusomewa mara ya pili mwambie nitamletea chumvi ya pwani niliyomwahidi. Nitafika Jumapili baada ya ibada, si kabla. Ukiona nimechelewa mlangoni, toka wewe kwanza.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Enoki