Nimeingia Konventi

(Kadi ya posta)

Ujerumani ya Magharibi
10 Februari 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanionea. Leo nimeingia konventi, hii unayoiona kwenye picha, kubwa kuliko zote hapa jimboni. Tulikuwa wasichana kumi na wawili, wakatupokea vizuri mno. Baba, tangu nifike huku sijapata kufurahi hivi! Kadi imejaa. Mengine yote nimemwandikia Leodegar kwa kirefu kupitia sanduku letu la misheni, yeye atawaeleza. Msalimie mama.

Mwanao,
Redempta

*

Kirua Vunjo
2 Machi 1975

Mwanangu mpendwa Redempta,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo. Mvua bado, lakini migomba inavumilia. Magoti ya mama yako yanamsumbua asubuhi, akishakunywa uji yanaacha. Ng'ombe amezaa dume tena, ndiyo bahati yetu.

Kadi yako ilifika Alhamisi. Niliisoma nimesimama pale misheni, nikairudia, halafu nikakaa kwenye ngazi. Padre akapita akaniuliza, "Katekista, kuna msiba?" Nikamwambia hakuna msiba, Padre, mwanangu ameingia konventi! Tena kubwa kuliko zote jimboni!

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Ulipokuwa na miezi saba uliugua surua, ukawa hata kulia huwezi. Nikaenda kanisani peke yangu, nikaweka nadhiri kwamba ukipona utakuwa wa Mungu, utakuwa sista. Ukapona. Nilinyamaza miaka yote hii ili nisikulazimishe. Hata Leodegar alipokuchumbia nilinyamaza, nikampokea, nikanywa pombe yao ya mbege, na bado kila Jumapili nikipiga kengele moyo unanisuta. Na wewe bila kujua lolote umekwenda mwenyewe! Nimelia, mwanangu, sioni aibu kukuambia.

Leo baada ya misa nimewatangazia waumini. Vigelegele vilipigwa mpaka mbuzi wa Padre wakakata kamba.

Leodegar nilimwambia jana shuleni kwake, nikamfungulia njia aoe kwingine. Akasema, "Baba, angekuwa mwanaume mwenzangu ningegombana naye. Lakini Mungu nitamwezea wapi?" Kijana ana adabu, huyo. Barua yako kwake ilifika pamoja na kadi, ila sijampa. Najua ni ya kuagana, ya nini kumtonesha kidonda? Nimeiweka ndani ya kitabu changu cha sala, haijafunguliwa.

Mama yako analia. Anasema ni furaha, lakini mtu wa furaha gani anakataa chakula? Tuandikie utaitwa Sista nani.

Baba yako,
Onesphory

*

Kirua Vunjo
13 Aprili 1975

Sista mpendwa (naona raha kuandika hivi),

Tumsifu Yesu Kristo. Afya zetu ni njema, mvua imekuja na kahawa imetoa maua. Wiki sita sasa hujajibu. Silalamiki, najua wanaoanza konventi hawaruhusiwi kuandika ovyo.

Ninayo habari njema. Leodegar alikuwa amekonda, mpaka wanafunzi wake wakawa wanamnyamazia kwa huruma. Nikajisemea, mimi ndiye niliyemwachanisha, basi nimtafutie mimi. Nikaenda kwa Theodory, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, nikamposea Mektrida, binti yake yule mshonaji. Mimi baba yako nimekuwa mshenga wa mkwe wangu mwenyewe! Theodory amekubali, na Leodegar amekubali. Ndoa itatangazwa kanisani Jumapili tatu kama desturi, tarehe 20, tarehe 27, na tarehe 4 Mei. Matangazo nitayasoma mimi.

Mama yako hajanisemesha tangu nitoke kwa Theodory. Juzi tu aliniuliza, "Hiyo barua ya Leodegar, unaogopa kumpa kwa nini?" Mimi siogopi kitu. Namhurumia kijana.

Utuombee.

Baba yako,
Onesphory

*

(Simu ya maandishi, 28 Aprili 1975)

MIMI SI SISTA. KONVENTI NI BUNGE. ZUIA NDOA. MPE LEODEGAR BARUA YAKE. REDEMPTA

*

Ujerumani ya Magharibi
28 Aprili 1975

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu ulinilea na adabu, la sivyo barua hii ingeanza na kelele.

Mimi mzima wa mwili tu. Miezi miwili sisi wanafunzi wa uuguzi walitupeleka kujifunza kazi kwenye hospitali ya milimani, na barua zetu zikawa zinatungoja bwenini. Leo nimerudi nimezikuta zako mbili juu ya mto. Ya kwanza nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuchungulia. Ya pili nilisoma nimeshika kitanda. Nimekimbia posta na sare ya hospitali, nimekupigia simu ya maandishi. Mungu wangu, ifike kabla ya tangazo la tatu!

Baba, niliingia konventi kama mtu anavyoingia sokoni. Niliingia nikatoka! Masista walifukuzwa pale na wanajeshi karibu miaka mia mbili iliyopita. Baadaye ikawa kambi, ikawa ghala la majani ya ng'ombe, na sasa ni bunge. Si bunge la nchi nzima, ni la jimbo hili, maana huku jimbo ni la serikali. Wewe ukasoma jimbo la askofu! Hata mimi nina kosa, nilibanwa na nafasi. Ila maelezo yote yalikuwa kwenye barua ya Leodegar, na wewe ukayafungia kwenye kitabu cha sala.

Mwalimu wetu ndiye aliyetupeleka. Vyumba vya kulala vya masista, vidogo kama stoo yetu ya kahawa, ndizo ofisi za wabunge. Wanakutana kwenye ukumbi ambamo masista walikuwa wakila chakula. Mama mmoja anayetembeza wageni alituambia masista walikula humo bila kusema neno, ukitaka chumvi unaonyesha kwa kidole. Na spika anatumia kengele yao ileile, ya shaba, ina ufa. Akiigonga wabunge wote wanatulia. Nikakukumbuka wewe na kengele yako, nikacheka peke yangu, mwalimu akanikazia macho.

Walikuwa wanabishana juu ya barabara ya kijiji cha mlimani. Akasimama mbunge mmoja, mama wa makamo, amevaa sweta kama la mama. Akasema maziwa ya watu wake yanaharibika njiani kila mvua ikinyesha, wakubwa wakae wamsikilize. Wanaume wote wakaandika! Baba, machozi yalinitoka. Kabla ya kufukuzwa, miaka mia tatu wanawake walikaa humo wamefunga midomo, leo mmoja anasema na ukumbi mzima unaandika. Hiyo ndiyo furaha niliyokuandikia.

Ndiyo maana nadhiri yako imeniuma. Nakupenda, unajua. Nakuona umepiga magoti na mimi nikiwa sina pumzi, na moyo unanilainika. Lakini ulinitoa hata meno sina, ukanyamaza. Ukamfungulia Leodegar njia bila kuniuliza. Ukashika barua yenye jina la mtu mwingine. Katika haya yote, mimi niliulizwa wapi?

Namtaka Leodegar, baba. Nilimtaka nikiondoka na namtaka leo. Kama ameshaoa, niambie mwenyewe, usimtume mtu.

Mwanao,
Redempta

*

Kirua Vunjo
18 Mei 1975

Mwanangu Redempta,

Salamu nyingi. Barua yako imefika juzi, nami naijibu nikiwa nimenyooka kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Simu yako ilifika misheni Jumamosi, tarehe 3, saa tisa mchana. Niliisoma mara nne. Mama yako akainyakua, akasoma mara moja tu, akasema, "Kitabu chako cha sala kiko kabatini."

Nikateremka shuleni. Leodegar alikuwa anasahihisha madaftari. Nikampa barua yake, nikamwambia, "Nimekaa nayo miezi miwili, mwanangu, nilidhani nakusitiri." Akaisoma dirishani. Ukurasa wa kwanza alikunja uso, wa pili akacheka, wa tatu akajifuta macho. Wa tatu una nini sijui, na siulizi. Kisha akanieleza habari ya lile bunge, akasema, "Baba, nimetoa neno kwa Theodory kupitia kinywa chako. Siwezi kulirudisha kwa kinywa changu."

Kwa hiyo Jumapili nikasimama mbele. Kanisa limejaa, Theodory na mkewe benchi la pili, Mektrida kwenye kwaya. Nikasoma tangazo la tatu la ndoa ya Leodegar na Mektrida, nikafika pale pa kusema yeyote anayejua pingamizi amweleze Padre. Huwa napapita haraka. Safari hii nikaweka karatasi chini. Nikasema, "Ninalo mimi." Watu wakadhani nimekosea mstari. Nikasema tena, "Pingamizi ni mimi, Onesphory. Binti yangu hajaingia usista. Alikwenda kutembelea bunge. Nilishindwa kuelewa kadi, na barua ya kunielewesha nikaificha."

Ee mwanangu, cheko lile! Sijawahi kuchekwa hivyo tangu nizaliwe. Padre mwenyewe alijifunika uso na leso. Mektrida hakucheka, alitoka nje, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Jumatatu asubuhi nikachuma isale, jani letu la kuombea msamaha, mpakani mwa kihamba chetu cha migomba, nikampelekea Theodory. Isale halikataliwi, unajua. Alilitazama weee, kisha akalipokea. Mektrida akatoka na tepu yake shingoni, akaniambia, "Baba, siku nyingine mkitaka kuniozesha mniulize kwanza mimi. Halafu mjifunze kusoma." Nikasema ndiyo, mama.

Nimekwenda kuungama pia. Padre amesema mtu anaweka nadhiri ya nafsi yake tu, sikuwa na haki ya kumpelekea Mungu mtoto kama mkungu wa ndizi. Amenipa adhabu ya kufagia kanisa kila Jumamosi hadi Krismasi. Nafagia. Mama yako anapita makusudi kuniangalia, na tangu juzi tunaongea.

Leodegar hajaoa. Hilo nakuambia mwenyewe, sijamtuma mtu. Ananisalimia kwa mbali, lakini karani wa posta amenidokeza kwamba amenunua stempu za Ulaya.

Humu ndani nimeweka jani la isale. Nililikunja likiwa bichi, sijui litafikaje. Nimekukosea, Redempta. Nilifurahi kwa sauti kubwa mno hata sikukusikia. Nisamehe.

Baba yako,
Onesphory

*

(Kadi ya posta, picha ileile)

Ujerumani ya Magharibi
9 Juni 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Isale limefika limekauka na limevunjika mara mbili, lakini ni isale, nimelipokea kwa mikono yote miwili. Barua ya Leodegar ilitangulia yako kwa siku tatu. Anauliza kama Novemba inafaa. Nimemjibu, mimi mwenyewe: inafaa. Matangazo yote matatu utasoma wewe, polepole, na pale kwenye pingamizi usipaharakishe.

Jana nimeingia tena konventi. Nimeingia saa nne, nimetoka saa sita. Agosti naingia nyumbani.

Mwanao,
Redempta