Kwa Elsie, Kuhusu Rowena na Nyundo Yangu

Nyumba Na. 9, Mtaa wa Kanisani,
Harrowthwaite, Cumbria.
11 Novemba, 2019.

Mpendwa dada yangu Elsie,

Pokea salamu za kaka yako mkorofi. U hali gani? Na hilo goti jipya walilokuwekea huko Kanada linakunjika, au mguu umekuwa wa meza? Mimi mzima, ila mgongo, na mgongo haujaua mtu.

Nasikia binamu yetu Mavis amekupigia simu kukwambia polisi walinifunga. Mavis husikia nusu, nusu hutunga. Kweli walinikalisha mahabusu kutwa nzima, nikanyweshwa supu ambayo mbwa angeikataa. Lakini kisa si changu. Ni cha mwanangu Rowena, na mwenyewe ameniruhusu nikuandikie. Kaa kwanza.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Februari ya mwaka jana, ninakaanga nyama ya nguruwe. Rowena akaingia kwa mlango wa nyuma, mwanamke wa miaka thelathini na minne, kiatu mguu mmoja. Jicho la kushoto limefumba kwa uvimbe, mdomo umepasuka, shingoni alama za vidole, nne upande huu na moja upande ule, nyeusi tii. Dean Hodgson, yule nahodha wa timu yetu ya kurusha vishale pale baa, aliwaalika watu kwake. Wenzake walipoondoka akamzuia Rowena. Alimpiga, akamkaba, akambaka. Naandika neno lenyewe kwa sababu Rowena kasema nisilizunguke.

Mimi nikafanya nini? Nikabandika birika. Unatujua, Elsie, paa likiungua sisi tunabandika birika. Nikamtilia chai, sukari vijiko vitatu, nikamfungulia maji ya kuoga, ndipo nikakumbuka kupiga simu polisi.

Alikuja konstebo wa kike, Imelda Pruett, bila sare, na koti la mvua kama mwalimu wa chekechea. La kwanza alilofanya ni kumtoa Rowena kikombe mkononi, taratibu, akamwomba asioge bado. Akaeleza kwamba ushahidi umo kinywani na mwilini, na chai inausafisha. Kikombe kilikuwa nusu. Nilitamani sakafu inimeze. Akatoa vijiti vya pamba akampangusa mdomoni, kila kitu akikitaja kabla hajakifanya, kila mara akimuuliza kama aendelee au aache. Hakuniita mjinga, ingawa nilimpa kila sababu. Kisha akaondoka naye kwenda kwa daktari.

Nikabaki na nyama iliyoungua na mikono isiyo na kazi. Nikachukua nyundo.

Nilivunja dirisha la Dean, nikavunja vioo vya gari lake, na alipotoka na joho la kuogea nikampiga mkono, nikausikia mfupa ukialika. Akanitandika ngumi ya pua. Tukaanguka kwenye changarawe, mimi wa miaka sabini na sita na yeye wa arobaini, tunatoana damu kama mbwa, namkwaruza uso, ananisukuma koo. Nakwambia wewe peke yako: mara ya mwisho niliponyanyua nyundo, nililenga kichwa. Polisi waliokuja kumkamata yeye ndio walionidaka mkono.

Jioni Imelda akaja mahabusu. Nilitegemea asante.

"Mzee Wilf," akasema, "binti yako alimparura yule mtu usoni akijiokoa. Huo ulikuwa ushahidi wetu. Sasa wakili wake atasema mikwaruzo yote ni yako."

"Mimi nilikuwa namtetea mwanangu, binti."

"Mwanao alijitetea mwenyewe. Wewe umemfutia."

Elsie, kando ya maneno hayo ile ngumi ya pua ilikuwa mchezo. Dean alikana kumgusa, chai yangu ilishaosha ushahidi wa kinywani, na sasa kesi yote ikaegemea maneno ya Rowena, na Rowena alikuwa hasemi.

Walimwacha alale siku mbili ndipo wakamhoji. Hawakumpeleka kituoni. Walimpeleka nyumba ndogo yenye makochi, kamera iko pembeni juu. Mimi niliketi ukumbini na mama mmoja wa kusaidia waathirika, akanikataza kupumua kwa kelele. Rowena ananiambia Imelda hakumuuliza alivaa nini, wala mbona hakupiga kelele. Alimwambia aanzie anapotaka, na asichokikumbuka aseme hakikumbuki. Kisha akanyamaza. Rowena akikwama, anangoja. Akatapika, wakapumzika, wakarudi. Ilichukua muda wa saa tatu na nusu.

Katika ule ukimya ndipo akakumbuka kwamba alimng'ata Dean begani, nyuma, kwa nguvu zote, mpaka akaonja damu. Polisi wakarudi kwenye picha alizopiga daktari siku Dean alipokamatwa. Jeraha lilikuwepo, kila mtu alidhani ni changarawe. Walipolipima likawa alama ya meno ya Rowena, yote kumi na mawili ya mbele. Mimi, kama unavyojua, meno ya juu nilishayazika.

Alhamisi iliyopita baraza la mahakama, raia kumi na wawili, likamwona Dean ana hatia. Miaka kumi na mmoja jela. Mimi nilipewa onyo kali, na Rowena alinipiga marufuku kuingia mahakamani.

Jumamosi akaja kwangu, akavuta kiti.

"Baba, wamenisikia watu kumi na wawili nisiowajua. Wewe bado."

Nikamwambia habari yote ninayo.

"Unayo ya Mavis na ya gazeti. Nisikilize. Usiseme utamfanya nini. Usinibandikie birika."

Nikakalia mikono yangu. Alianza adhuhuri, akamaliza taa za mtaa zinawaka. Elsie, kuna mahali niliuma ulimi kweli. Alipomaliza akaniuliza kama nimesikia, nikasema nimesikia. Akalala palepale kitini, mdomo wazi, anakoroma kama marehemu mama yake. Alikuwa hajalala hivyo tangu siku ile. Sikuinuka hata kwenda msalani.

Msalimie shemeji Gordon, naye aache kuparamia ngazi. Wabusu Lorna na mapacha wake. Mavis nitamsalimia mwenyewe, kwa mdomo.

Mungu akulinde, na goti lako pia.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, ugomvi na vyote,
Wilf