Kiti Kimoja cha Wakhoi

Baba,

Mama bado amekaa eda, nyumbani kwenu hapa Bellevue, kajitanda nguo nyeupe. Hatoki.

Chama kimenijia. Kwenye orodha yao jina linalofuata lako ni langu, kwa hiyo kile kiti kimoja cha Wakhoi, wenyeji wa asili wa nchi hii, Bungeni nakirithi mimi. Jumatano naapishwa Cape Town. Nakumbuka mlipokipata: ulimbeba Mama jikoni ukipiga kelele kwa Kiswahili alichokufundisha, “Ni kimoja, lakini chetu!” Majirani Wakongo wakadhani mmepata mjukuu.

Kwenye hitma yako alikuja mwanamume wa suti ya kijivu, hakuna aliyemjua. Alivua viatu, akakaa mkekani, akala pilau, akakusifu. Akasema hajawahi kufika hapa. Nilipompelekea maji ya kunawa, akaniuliza kwa upole kama nami nitaupinga ule muswada wa kuwapa wachimba madini ardhi ya Wakhoi. Nikasema ndiyo. Akainuka kwenda choo.

Baba, hakuuliza kilipo. Alipita jikoni, akalinyanyua na kulivuta lile komeo la mlango wa nyuma linalomshinda kila mgeni, akatokea uani kilipo choo. Palepale tulipokukuta umelala kifudifudi. Daktari alisema ni moyo, na mimi niliamini.

Sasa naogopa, wala sioni haya kukwambia. Nimemsihi Mama ahamie La Rochelle kwa mama mdogo. Shehe mwenyewe amesema penye hofu ruhusa ipo. Unamjua mkeo. “Eda ya mume wangu naikalia kwa mume wangu,” kaniambia. “Wewe nenda kaape.” Kisha akaburuta mkeka wake hadi jikoni, akaketi kuuelekea mlango wa nyuma, tasbihi mkononi. Nikimtazama naona hasira, kisha nataka kulia.

Leo asubuhi nimefungua mlango ule kwenda kuanika nguo. Komeo limeteleza lenyewe. Limepakwa mafuta, Baba. Si mimi, na Mama anasema si yeye.

Nimewaomba Wakongo walale sebuleni mpaka nirudi. Wamekubali.

Pumzika, Baba yangu. Nakuahidi nitaapa, na muswada ule nitaupinga kama ulivyoupinga. Lakini ukimwona Mama huko kabla sijarudi, mpokee vizuri. Mwambie kiti nimekikalia.

Mwanao,
Salma