Alizeti Zilizotazama Juu

Mama Neema mke wangu,

Bwana asifiwe. Natumaini wewe na watoto mmeamka salama, na mama amepata nafuu ya magoti. Mfikishie shikamoo yangu. Mimi mzima wa mwili, ila tangu juzi chakula hakishuki. Nimepiga simu yako weee, haipatikani, ndiyo maana nimempa konda wa basi la Kiomboi barua hii.

Unazikumbuka zile alizeti fupi za kule bondeni, zilizotazama mbinguni wakati nyingine zimeinama? Mimi ndiye niliyesema kanisani kwamba zimebarikiwa. Nikazipukuchua mwenyewe, nikazichanganya kwenye debe la kanisa, lile ambamo kila nyumba huchota kikombe cha kwenda kupanda, Jumapili ya kuombea mbegu.

Juzi hapa shambani Iringa nikaiona moja ya namna ile ile. Nikasema, "Huyu anamsifu Mungu." Msimamizi wetu, binti mdogo tu, akacheka. "Anamsifu wapi, baba? Huyo mgonjwa." Akageuza jani. Chini lilikuwa jeupe kama limenyunyiziwa unga.

Akanieleza kwamba ni ukungu wa maji. Unga ule ndio uzao wake, hupeperushwa na upepo. Ukiangukia penye maji hupasuka, vikatoka vijimbegu vyenye mikia, macho hayavioni, vikaogelea kwenye udongo uliolowa mpaka mzizi wa mche mchanga. Vikishaingia, ukungu unapanda na mmea hadi kichwani. Mmea ukifa, unaacha ardhini mayai yenye ganda gumu, yanasubiri miaka. Na ukungu mwingine hujificha ndani ya mbegu.

Nikamuuliza, "Hata mbegu iliyoombewa?"

Hakucheka tena. "Hata hiyo, baba."

Mke wangu, leo Alhamisi, na ibada ni Jumapili hii. Ukipata barua kimbia kwa mchungaji, debe lisigawiwe. Mbegu zote zikakamuliwe mafuta, kwa kula hazina neno. Bondeni msipande alizeti, wekeni uwele. Mama atasema imani yangu imepungua. Mwambie naomba kila siku, lakini nilichosema kanisani hakikutoka kwa Mungu, kilitoka kwangu. Wakiuliza ni nani aliyeziita za baraka, usinifiche. Simama, utaje jina langu.

Wasalimie Neema na wadogo zake, mjomba wao fundi baiskeli, na wazee wote wa kanisa.

Ukikuta wameshagawa, anzia kwa huyo kaka yako. Mvua ikidondoka tu, yeye siku hiyo hiyo yuko shambani.

Mumeo akupendaye,
Baba Neema