Restituta, Mshonaji wa Nguo Nyeupe

Ni mwaka mmoja sasa tangu cherehani yako inyamaze kule Lipingo ziwani, Restituta mwanangu. Ulituacha katikati ya Kwaresma, wakati sisi huku Ukata tulikuwa tunachimba ngolo, yale mashimo ya mteremkoni ya kupandia maharage. Simu ilitukuta na udongo mikononi.

Kabla ya kuandika haya nilimwuliza mume wako Jerome kama ungekubali.  Akasema, "Andika, Mama. Ila anza na mikono yake, usianze na tumbo lake."

Basi naanza na mikono yako. Ilikuwa ya kazi. Ukichimba ngolo, mstari wako ulinyooka, hata bibi yako akawa anasema mvua itaona aibu kuubomoa. Ulipohamia ziwani ulijifunza kuanika usipa, wale dagaa wa ziwani, na hakuna gari lililopanda huku bila kifurushi chako cha baba yako. Na kushona ndiyo usiseme. Sindano uliichomeka kwenye ukosi wa blauzi ukaisahau, kila nikikukumbatia inanichoma. Nilikuwa nakugombeza. Siku hizi natamani kuchomwa.

Watoto wote waliobatizwa kwenye kigango cha Lipingo kwa miaka sita walivaa nguo nyeupe ulizozishona wewe. Mama wa mtoto alikuja na kitambaa, ulimpima mtoto kwa kamba, ukambeba kidogo, ukamrudisha. Jerome anasema baada ya kumrudisha hukuigusa cherehani mpaka jioni. Kisha ulianza kushona.

Wewe mwenyewe hukupata mtoto. Sasa nalisema lile lililo langu.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, mwanangu. Ulipoolewa na mwaka ukapita, nilianza kukuuliza kila mwezi. Nilikuletea dawa za mizizi, ukanywa. Mwaka wa pili nikalipeleka jambo kwenye jumuiya yetu ndogo ya kanisa. Tukisali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, mwenyekiti wetu Mama Winifrida akisema, "Ndugu, nia zenu," mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza: "Tumwombee binti yangu Restituta, Mungu amfungue tumbo." Na wewe ulikuwepo hapo hapo, umekaa karibu na mlango. Miaka sita, kila Jumamosi.

Nakumbuka siku ile jirani yetu Gertruda aliposema, "Mama Resti, nia hiyo Mungu ameshaikariri, mletee nyingine." Watu wakacheka. Na wewe ukacheka, huku unachomoa majani ya mkeka mmoja mmoja. Niliuona mkeka ule kesho yake, pembeni umenyofoka. Nikadhani ni panya.

Mlipohama na Jerome kwenda Lipingo baada ya miaka hiyo, mlisema ni kwa ajili ya useremala wake. Nikaamini. Na nia yako nikaendelea kuitaja hata ulipokuwa hupo.

Tumbo lilianza kukuuma karibu mwaka mzima kabla hatujajua. Hata Jerome ulimficha mwanzoni. Ulipokubali kupelekwa hospitali, uvimbe ulikuwa umeshaenea, madaktari wakasema mmechelewa. Nikateremka kuja kukuuguza wiki chache, kabla ya kurudi huku kwa kilimo. Nilikuwa nakukanda miguu nikakuuliza, "Resti, mbona hukuniambia? Mimi si mama yako?"

Ulitazama ukutani. Ukasema, "Nisamehe, Mama. Nilijua nikikwambia Jumatatu, Jumamosi itakuwa nia."

Hukulisema kwa hasira. Ungekuwa na hasira, ningejitetea.

Nilipolia ulinishika mkono, wewe mgonjwa ukambembeleza mzima. Nikakuuliza kama ulimkasirikia Mungu. Ukasema, "Nilimkasirikia sana. Nilikuwa nagonga kwake kama mtu anayegonga mlango uliofungwa, mpaka nikachoka. Siku moja nikaacha kugonga, nikakaa hapo hapo mlangoni. Nikaona hata mlangoni kwake pana kivuli." Nikasema, "Kwa hiyo hukutamani mtoto tena?" Ukacheka kidogo. "Nimetamani mpaka leo, Mama. Ninaposhona nguo nyeupe ninatamani. Ila nilibadili ombi. Nilimwomba nisije nikawachukia wenye watoto. Hilo alinipa."

Maneno hayo nimekaa nayo mwaka mzima. Baba yako Aloisi amekaa nayo. Usiku na mchana najiuliza: kama ningeinyamazia ile nia nikaisali peke yangu jikoni, ungeniambia mapema? Padri ananiambia Mungu amesamehe. Nami naamini. Lakini kusamehewa hakumrudishi mtu.

Pasaka ile watoto kumi na wawili walibatizwa Lipingo. Ulikuwa umemaliza nguo tisa. Tatu zilikuwa hazijapindwa chini, akina mama wakazipinda kwa mkono, mishono imekwenda upande. Jerome alisema wasizirekebishe.

Ninaandika haya ili mama mwenzangu asikie. Sala ni dawa, lakini hata dawa ukimmiminia mtu mbele za watu, anapaliwa. Mtoto wako akiwa na kidonda, usikifunue kila Jumamosi kwa kuwa unataka Mungu akione. Mungu anakiona. Mwulize kwanza mwenye kidonda. Akikukataza, nyamaza, usali moyoni, ili siku anapoumwa kweli asiogope kukuita.

Na jambo lenyewe halijaisha, mwanangu, ndiyo maana nahangaika. Mdogo wako Victor ameoa, mkewe Devotha unamjua, na huu ni mwaka wao wa tatu. Jumamosi iliyopita jumuiya ilisali hapa kwetu. Nikatazama, Devotha amekaa karibu na mlango. Mahali pako. Mama Winifrida akaomba nia, na Gertruda akaanza, "Na tumwombee mke wa Victor, Mungu amkumbuke, maana mwaka wa tatu huu..."

Nilisimama, rozari mkononi. Nikasema, "Dada Gertruda, nia hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe yupo, ana mdomo."

Akashangaa. "Haya, Mama Resti! Si wewe uliyetufundisha?"

Nikamjibu, "Ndiyo. Na mimi ndiye niliyezika."

Hata kuku aliyekuwa uvunguni tukamsikia. Mimi nikakaa chini. Ndipo Devotha akasogea kutoka mlangoni, akaja kukaa kwenye mkeka, ubavuni kwangu. Akasema, "Nia yangu ni hii. Tumwombee wifi Restituta."

Tukakuombea.

Misa ya kukuombea itasomwa kigangoni Lipingo Jumapili hii. Unakumbukwa na mume wako Jerome, ambaye uzi uliouacha kwenye sindano ya cherehani hajautoa. Baba yako Aloisi. Mdogo wako Victor na wifi yako Devotha. Shangazi yako Tadea wa Mbaha. Mama Winifrida na jumuiya yote, Gertruda akiwemo, aliyelia Jumamosi ile kuliko sisi. Watoto wote wa nguo nyeupe. Na mimi mama yako, Vitalia.

Daima tutakukumbuka, Resti. Mbele za watu leo tu. Kuanzia kesho, moyoni.