Togwa Aliyoifukia Bibi Nyemo

Zuzu, Dodoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila upepo wa huku umenikausha midomo, mpaka leo sijauzoea.

Leo nina la kujisifu, nivumilie. Bibi Nyemo, mwenye nyumba wangu, alikuwa anaandaa sherehe ya kipaimara ya mjukuu wake. Mahindi yake mwaka huu yalinyeshewa yakiwa yameanikwa, yakashika ukungu wa kijani. Akafanya wanavyofanya wengi hapa: mazuri akayaweka ya ugali, mabovu akayachambua na kuyasaga ya togwa, kwa kuwa ikishachacha ule uchungu wa ukungu hausikiki. Nilimkuta ameshajaza pipa.

Baba, mdomo wangu unaujua. Nikamwambia, "Bibi, hayo mahindi yana sumukuvu. Inaharibu ini, na haifi hata ukichemsha kutwa. Watoto watakunywa hiyo!"

Akanitazama juu mpaka chini. "Togwa hii mama yangu alininywesha mimi. Wewe umekuja juzi na begi lako, leo unifundishe jiko langu?"

Siku mbili hakuitikia shikamoo yangu. Niliumia, tena niliogopa. Mimi ndiye afisa ugani wa hapa. Watoto wakinyweshwa sumu kwenye nyumba ninayolala, nitamfundisha nani tena?

Asubuhi ya sherehe nikasikia jembe nyuma ya nyumba. Kutoka, namkuta Bibi anachimba shimo peke yake. Akamwaga pipa lote humo, akafukia ili hata kuku wasidonoe. "Ini la mjukuu wangu sitalichezea," akasema. Nikachukua jembe la pili nikamsaidia.

Wageni wakapewa chai. Mzee mmoja wa kanisa akapaza sauti, "Jamani, sherehe gani hii haina togwa?"

Bibi akasimama. "Nimeifukia mwenyewe. Mwanangu huyu ndiye mtaalamu, msikilizeni."

Mwanangu, Baba! Nikazungumza mbele ya watu wote, wakanisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaenda jikoni nikalia kwa furaha.

Nisalimie shangazi na wadogo zangu wote. Mama akichambua mahindi, mabovu ayafukie, asiwape hata kuku.

Majirani walipokucheka kwamba unamsomesha binti kulima, ulinyamaza. Sasa usinyamaze, Baba. Waambie.

Binti yako,
Tumaini